Kabati ya Papa na Bidoni Sita za Maji

Mulango wa kushoto ulikataa siku ya Jumanne, saa ya kutoa sahani za chakula cha mangaribi. Nilivuta kwa kidole, kama kila siku. Ulikataa. Nilivuta kwa mukono muzima. Ulifunguka na sauti ya mutu anayekohoa, na unga kidogo wa mbao ukaanguka chini.

Ingekuwa kabati ya mutu mwingine, ningepaka sabuni na kuendelea na kazi. Lakini kabati hii ni ya papa yangu. Ni yeye aliyeitengeneza, huko Walungu, mwaka nilioolewa, na ilikuja Bukavu juu ya kamiyo ya mizigo, imefungwa na magodoro mawili, mimi na wamama wa familia nyuma yake tukiimba. Iko ya mbao nzito, inanifika ku kiuno, ndefu kama mutu mukubwa aliyelala, na milango miwili mbele. Kwetu, binti akienda kwa mume, watu wanaangalia kabati yake kwanza, kisha wanamwangalia yeye. Yangu iliangaliwa sana. Siku ile nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima, lakini kabati ilikuwa yangu kabisa.

Papa ana tabia yake. Kila akikuja kututembelea hapa Bagira, mutaa wetu wa Bukavu, hata mbele ya kunisalimia, anaenda ku kabati. Anaweka kidole kimoja ku mulango wa kushoto, anavuta, mulango unafunguka bila neno. Anaufunga. Ndipo anageukia mimi, binti yake: “Jambo maman. Mulilala salama?” Kidole kimoja tu. Anasema mulango ukiomba vidole viwili, seremala alidanganya watu.

Na papa alikuwa anakuja Jumamosi.

Hiyo peke yake haingenisumbua sana, kama mikono yake ingekuwa ile ya zamani. Lakini tangu mwaka jana mikono ya papa inatetemeka. Kikombe cha chai anakishika na yote miwili. Randa, misumeno, patasi, vyote aliwagawia kaka zangu, na hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba kazi zake ziko mu nyumba za watu, na zinasimama bila yeye. Nyingi ziko Walungu, siwezi kujua zinasimama namna gani. Moja iko kwangu. Nilijiuliza: akikuta mulango unakataa kidole, atawaza nini juu ya mikono yake?

Sasa lazima nieleze mambo ya samaki. Nitajaribu kueleza bila kupendelea mutu, maana mume wangu anasoma daftari hii wakati niko soko. Najua. Anaacha alama za simenti ku kurasa.

Mume wangu ni muashi. Alitengeneza ukuta mu nyumba moja ya Nguba, karibu na ziwa, na wenye nyumba walikuwa wanahama. Ili kumushukuru walimupa sanduku kubwa ya vioo pamoja na samaki sita wekundu. “Akwariomu,” aliniambia, na alilitamka neno hilo pole pole, kama mutu anayeshuka ngazi na mayai mu mikono. Samaki walikuja mu ndoo, sanduku ilikuja mu taksi, na yeye alikuja ameikumbatia kama bibi arusi.

“Tutaiweka wapi?” nilimuuliza.

“Juu ya kabati.”

“Kabati ya papa?”

“Njo yenye nguvu mu nyumba hii. Si ni weye ulisemaka vile mbele ya wamama wote wa arusi? Ulisema inaweza kubeba kanisa.”

Ni kweli, nilisema hivyo. Siwezi kukana.

Maji nilichota mimi. Safari sita ku robine ya mutaa, bidoni moja ya lita ishirini kila safari. Hapa ndipo kosa letu lilianza, na naona ni kosa la mutaa wote, si letu peke yetu. Sisi maji tunayahesabu kwa safari. Mutu akiuliza ulichota maji ngapi, unajibu: safari tatu. Bidoni inapanda ku mugongo, inashuka, unaisahau. Hakuna aliyewahi kuona bidoni sita juu ya mugongo mumoja. Mume wangu asingekubali hata siku moja mutu aweke mifuko miwili na nusu ya simenti juu ya kabati ya sahani. Angepiga kelele mpaka wasikie ku parokia. Lakini bidoni sita ziliingia moja moja, mimi nikimimina, yeye akisema “pole pole, utashtusha samaki,” na kila bidoni ilikuwa bidoni moja tu. Baadaye tukaweka mawe ya ziwa chini, kwa urembo. Ni mimi niliyesema mawe yaongezwe. Nilitaka ipendeze.

Na ilipendeza. Mangaribi, jua likiingia kwa dirisha, saloni ilikuwa na mwanga unaocheza ku ukuta, na mume wangu alikaa mbele ya vioo na viatu vyake vya kazi bila kusema kitu, yeye anayesema hata akilala. Jirani yetu, maman mumoja asiyemeza neno lake, alikuja kuangalia. Aliinama, akapiga kioo na kidole, kama anachagua dagaa za ziwa ku soko.

“Hizi sambaza zenu zinakula nini mpaka zinakuwa nyekundu?”

“Haiko sambaza, maman,” mume wangu alijibu. “Ni samaki ya kuangalia tu.”

“Ya kuangalia! Na bugali tutakula na macho?”

Tulicheka sana. Hakuna aliyeangalia kabati. Ilipita wiki tatu.

Basi Jumanne mulango ulikataa. Jumatano niliona kitu kingine. Juu ya ile sanduku ya vioo kuna mustari mweusi unaozunguka. Upande wa kulia maji yalikuwa chini ya mustari kwa kidole kimoja. Upande wa kushoto yalikuwa yameugusa mustari. Nilizunguka, nikaangalia kutoka ku mulango, nikaangalia nimechuchumaa. Nilifikiri labda ni shingo yangu. Haikuwa shingo.

Mangaribi niliandika: kosa ni la kabati, ao la sakafu? Sakafu ya nyumba hii mume wangu aliimwaga mwenyewe, simenti ya kwanza aliyonunua kwa ajili yake na si ya watu. Ukisema sakafu imeinama, umemusema mume. Ukisema kabati imeinama, umemusema papa. Niliandika ukurasa muzima wa kumutetea mumoja, nikaona si haki, nikaandika ukurasa muzima wa kumutetea mwingine. Ukurasa wa mume ulipita kwa mistari miwili. Nikaongeza miwili kwa papa. Sijui kama hivyo ndivyo watu waliosoma wanafanya, lakini nililala vizuri.

Alhamisi nilipaka sabuni ku ukingo wa mulango. Ulinukia vizuri na ulikataa vilevile. Ijumaa mume wangu aliona yale maji, akanuna, akaingiza kipande cha karo, kigae cha sakafu, chini ya muguu mumoja wa kabati, ule wa kushoto mbele. Alirudi nyuma, akaangalia na jicho moja, kama wanavyofanya waashi wote.

“Sasa iko sawa.”

Maji yalisogea kidogo, ni kweli, lazima niseme. Lakini kabati ilikuwa sasa imesimama kama mutu aliyekanyaga jiwe: muguu mumoja juu, mingine inatafuta. Mulango wa kushoto ulikaza zaidi, na ule wa kulia, usio na kosa lolote, nao ukaanza kusugua.

“Acha vile,” alisema mume. “Papa hataona.”

“Papa? Hataona?”

“Umuwekee chai kwanza. Umukalishe upande wa samaki. Akifurahia samaki atasahau mulango.”

Niliona ni mupango mubaya, lakini sikuwa na mwingine.

Papa alifika Jumamosi mbele ya saa sita, na kofia yake na mufuko wa maharagwe mabichi. Nilikuwa tayari na chai ku mulango, kikombe mu mukono, kama mutu wa hoteli. Alinipita. Alimupita mukwe wake. Aliwapita samaki sita bila kugeuza kichwa. Aliweka kidole ku mulango wa kushoto, akavuta.

Hakuna kitu.

Alivuta tena. Kidole kilitetemeka ku ukingo wa mulango, na mimi sikujua kama ninaangalia kidole ao mulango. Mume wangu alisogea haraka.

“Acha mi nivute, papa, iko tu na unyevu…”

“Nanga,” alisema papa, ndiyo hapana ya Kimashi, na akitumia Kimashi hakuna anayesogea. “Hapana kuivuta kwa nguvu. Utavunja bawaba. Mulango unaniambia kitu, weye unataka kuuziba kinywa?”

Aliinua macho. Kwa mara ya kwanza aliona akwariomu. Aliiangalia kutoka upande mumoja mpaka mwingine, na nilijua anaangalia mustari mweusi.

“Mukwe.”

“Papa.”

“Maji yako inainama.”

“Maji haiinamake, papa. Maji inalala yenyewe. Njo kabati inainama.”

“Kabati yangu haikuinamaka Walungu. Imejifunza kuinama hapa. Hii sakafu yako inataka kwenda kuoga ku ziwa.”

“Sakafu yangu! Papa, hii sakafu niliipima na nivo, kila kona!”

“Nivo ya nani? Ya mulevi?”

Mimi nilisimama katikati na chai. Namupenda papa, na mume wangu si mulevi, anakunywa bia mbili siku ya Yenga, yaani Jumapili, na mara nyingi ya pili haimalizi. Nilitaka kusema hivyo lakini haikuwa wakati.

Mume wangu alitoka na hasira, akarudi na ule mupira wa plastiki, wa kuona ndani, ambao waashi wanaujaza maji ili kujua kama fasi mbili, huku na kule, ziko sawa. Aliujaza. Papa alishika ncha moja ku kona ya kulia, kwa mikono yote miwili, akiikaza ku ukuta ili isitetemeke. Mume alishika nyingine ku kona ya kushoto. Walingoja maji yatulie. Ilichukua muda, kwa sababu ya mikono ya papa, na nilipenda sana namna mume wangu alivyongoja bila kusema kitu, mutu aliyeitwa mulevi dakika mbili zilizopita.

Maji yalitulia. Upande wa kushoto sakafu ilikuwa chini. Kidole kimoja.

Mume wangu alikaa chini hapo hapo, ku sakafu yake.

“Basi ni mimi,” alisema.

Kama papa angekuwa mutu mwingine, ingeishia hapo. Angekunywa chai yake kama mushindi. Lakini papa, sijui nieleze namna gani, hawezi kushinda bure. Alikunja uso akiwaza.

“Mukwe, hii sakafu iko vile tangu lini?”

“Tangu niliimwaga, papa. Miaka kumi na mbili.”

“Na mulango ulikuwa unafunguka?”

“Na kidole. Kila siku.”

“Mwezi uliopita nilikuja. Ulifunguka?”

“Ulifunguka, papa.”

“Basi haiko sakafu peke yake.” Alivuta kiti, akakaa, kofia ku magoti. “Maji ni mingi, ni kweli. Lakini kabati yenye nilipiga vizuri haiwezi kushuka katikati kwa sababu ya maji ile. Niliijua. Niliikaliaka mimi mwenyewe na shemeji zako wawili, siku ya kuimaliza, tulikula mahindi juu yake.” Aliangalia mikono yake. “Kumbe hii mikono ilishaanza wakati ule. Ilikuwa inanidanganya, na mi sikujua. Kesho mupasue hii kitu, mufanye kuni. Mbao itawaka vizuri.”

Alisema bila kununa, kama mutu anayesema saa. Mume wangu aliniangalia. Nilimwangalia mume wangu. Nikasema naenda kuangalia mandazi, maana sikutaka papa aone uso wangu.

Mu jikoni unga ulikuwa umeumuka. Niliutupa ku kibao, nikaanza kukanda kwa nguvu, kama unga ndio una kosa. Kibao changu cha kukandia ni kizuri sana, kipana, kinene, wamama wote wa shirika letu la parokia wanakisifu. Nilikanda, nikawaza miaka mingi ya papa, nikawaza mahindi waliyokula juu ya kabati, watu watatu, na mikono yangu ikasimama yenyewe mu unga.

Ku ukingo wa kibao kulikuwa na matundu matatu ya misumari. Nilikuwa nayajua yale matundu. Kila siku nayaona. Unga unaingia mu yale matundu na natoa na kijiti.

Ilikuwa miaka saba iliyopita. Shirika lilinichagua kuwa mulinzi wa sufuria kubwa, ile ya kupikia sikukuu, inayoingiza mbuzi muzima kama umemukata vizuri. Ilikuwa heshima, na nilitaka ilale mu kabati yangu, si inje na kuku. Haikuingia. Katikati ya kabati, kati ya milango miwili, papa alikuwa amesimamisha ubao mumoja, kutoka chini mpaka juu. Mimi niliuona kama kizuizi tu. Nilifikiri aliuweka ili sahani zisichanganyikane na vikombe. Mangaribi moja, mume akiwa kazini, niliupiga na muchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, mpaka ukatoka. Sufuria iliingia. Ubao ulikuwa mulaini na muzuri, nikaona aibu kuuchoma, nikaupeleka jikoni.

Baadaye nilitafuta daftari ya mwaka ule. Imeandikwa: “Leo sufuria ya shirika imeingia mu kabati. Mungu asifiwe.” Basi. Mimi ninayehesabu mistari ili nisimuonee mutu, sikuandika imeingia namna gani.

Nitasema ukweli: nilifikiria kukaa kimya. Tungeuza akwariomu, mulango ungerudi, papa angezeeka na lile wazo lake, na mimi ningeendelea kukanda. Kisha nikasikia anamuuliza mume wangu kama shoka iko ya kupasulia kuni. Nikachukua kibao vile vilivyo, na unga juu, nikaingia mu saloni.

“Papa, angalia hii.”

Alifikiri namuletea mandazi. “Hizi hazijaiva, maman.”

“Angalia mbao, papa.”

Aliweka kofia chini. Alisukuma unga upande na kiganja, akapapasa ukingo, akageuza, unga wote ukaanguka ku sakafu, ile ya kwenda ku ziwa. Nyuma ya kibao kulikuwa na mustari wa kalamu yake, na alama ndogo ya musalaba anayoweka upande wa juu ili asikosee. Mimi sikuwahi kuiona. Siku zote nilikandia upande mwingine.

“Hii ni muguzo wangu,” alisema. “Muguzo ya katikati. Njo inabeba juu yote.” Kisha, pole pole: “Nani aliitoa?”

“Ni mimi, papa. Na muchi.”

“Na nini?”

“Na muchi wa sombe. Sufuria ya shirika ilikataa kuingia.”

Mume wangu alifunika kinywa. Papa alisimama, na sasa alinigombeza kama sijawahi kugombezwa tangu komunyo ya kwanza. Alisema kama nilidhani yeye anaweka mbao mu kabati kwa kujifurahisha. Alisema hata kuku anajua kuuliza. Alisema mama yangu, Mungu amulaze pema, angenipiga na ule muchi. Vyote vilikuwa kweli. Lakini katikati ya kugombeza sauti yake ilianza kubadilika, akaangalia mikono yake, akaigeuza, juu, chini.

“Kumbe haikuwa yenyewe,” alisema. “Mukwe, umesikia? Haikuwa mikono. Ilikuwa binti.”

“Nimesikia, papa,” alisema mume wangu. “Na mi nimeitwa mulevi bule.”

“Weye sakafu yako iko vile vile imeinama. Nyamaza.”

Kazi ilianza hapo hapo. Mupira ule wa kupimia, mume wangu aliutia mu akwariomu, akavuta na kinywa, akatema, maji yakaanza kushuka mu bidoni. Ya kwanza. Ya pili. Nilizipanga ku sakafu moja karibu na nyingine, na ilipofika ya nne, papa alituambia tusimame tuziangalie.

“Sasa mubebe zote kwa mara moja,” alisema. “Jaribuni.”

Hakuna aliyejaribu. Zilikuwa nne tu, na zilijaza mulango muzima wa saloni. Mume wangu alisema kwa sauti ndogo, “Mifuko miwili na nusu,” na nilijua amehesabu zote sita, kwa simenti.

Bidoni ya tano ilipokuwa nusu, kabati ilitoa sauti, kriii, ya mutu anayevua mukaja. Papa alienda na kidole chake. Mulango wa kushoto ulifunguka.

Ndani sufuria ilikuwa imekaa kama mufalme. Tuliitoa, nikaiosha bila sabuni, maana mume wangu alilia kwamba sabuni itaua samaki, tukamimina maji yao wenyewe ndani, na samaki sita wakahamia mu sufuria ya shirika. Jirani yetu alipita ku dirisha saa ile ile. Aliona samaki, aliona sufuria.

“Njo sasa munaongea kama batu!” alisema. “Niwaletee tomati?”

Tuliondoa sanduku na mawe. Papa alisugua unga kutoka ku ubao, akausimamisha ndani, alama ya musalaba juu. Uliingia mu mufereji aliouchonga mwaka nilioolewa, na haukuhitaji kukatwa hata kidogo. Nyundo alishika mume wangu. Papa alishika ubao na kuonyesha fasi ya musumari na kidole kinachotetemeka, na mume alingoja kidole kitulie, akapiga. Misumari mitatu, mu matundu yale yale. Nyuma ya kabati ubao mwembamba wa tripleksi ulikuwa umeanza kung’oka ku kona. Waliupigilia, maana papa alisema huo ndio unaozuia kabati kuyumba upande, na mutu akiuacha ulegee, kabati inalala siku moja kama mulevi. Alitaja mulevi akimwangalia mukwe. Mukwe alicheka.

Kile kipande cha karo papa alikitupa inje. Walitafuta ubao mwembamba wenye urefu wote wa upande, wakauchonga kidogo kidogo, wakauingiza chini ya miguu yote miwili ya kushoto, mpaka mupira ukasema sawa. Waya wa mashine ndogo iliyokuja na sanduku, ya kuwapulizia samaki hewa, waliufunga ushuke kwanza chini na kupanda tena mbele ya kufika ku prizi ya umeme, ili tone la maji lidondoke sakafuni, lisifuate waya. Juu ya kabati walilaza ubao munene na kipande cha godoro la zamani, sawa pande zote. Ndipo papa akauliza kila samaki anahitaji bidoni ngapi.

“Ndogo kama hizi? Nne zinatosha kwa wote,” alisema mume, na najua ilimuuma.

“Basi nne. Na mawe muyarudishe ku ziwa, ziwa halina mengi sana.”

Ziwa lina mengi, lakini tulitii, na sanduku ikarudi juu ya kabati na bidoni nne.

Siku ya Yenga baada ya misa niliwaambia wamama wa shirika kwamba sufuria italala jikoni, chini ya meza, na niliwaambia kwa nini. Walicheka mpaka mumoja akakaa chini. Hakuna aliyeniondoa kazi. Kisha nilifungua daftari ya ule mwaka wa sufuria, na chini ya “Mungu asifiwe” niliandika: “Nilitoa muguzo wa papa na muchi, bila kuuliza.” Wino ni wa rangi nyingine. Inaonekana vizuri.

Papa alipaswa kurudi Walungu Jumatatu. Hakurudi. Aliniuliza sasa nitakandia wapi mandazi, nikasema meza inatosha, akasema meza haitoshi. Aliomba randa ya fundi jirani na kipande cha mbao kilichobaki ku kazi ya mume wangu. Alikaa ku baraza siku tatu. Randa iliruka, ilikwama, alipumuzika, alianza tena. Mume wangu alipita mbele yake mara nyingi na hakumusaidia, na alifanya vizuri.

Alhamisi asubui aliniletea kibao. Kilikuwa kilaini sana. Nilikiweka ku meza, nikaweka unga, na lile donge la unga likaanza kusogea lenyewe, pole pole, kwenda kushoto.

Papa alisimama ku mulango wa jikoni.

“Iko sawa?” aliuliza.

Nilifikiri uongo mudogo hauna ubaya. Kisha nikafikiri ameona uongo wangu wa kutosha wiki hii.

“Imeinama kidogo, papa.”

“Upande gani?”

“Upande wa ziwa.”

Alisogea, akainama, akaangalia unga na jicho moja. Kisha akanyoosha mugongo, akavaa kofia yake.

“Basi haiko mimi,” alisema. “Ni sakafu ya mukwe.”